Meza ya Fundi: Kila nilichonunua hakiingii

Barua za mwezi huu karibu zote zina ugonjwa mmoja. Watu wanataka kung'oa gia kwenye baiskeli za zamani zibaki na gia moja tu, wanakwenda dukani na hela mkononi, wanarudi na vitu visivyoingia. Nimechagua tano. Wenye maswali ya pikipiki wanivumilie, mwezi ujao nitawafikia.

Shikamoo Fundi. Mjomba aliniachia baiskeli ya Peugeot ya zamani, fremu ya chuma, usukani ule wa kupinda chini. Ilikuwa na gia kumi lakini zimekufa: ile mashine ya nyuma inayohamisha mnyororo imepinda, waya umekatika, meno yamechongoka. Fundi wa hapa akanishauri niweke gia moja, "uifanye Phoenix". Nikanunua gurudumu zima la nyuma la Phoenix, mnyororo, na vikombe vya gololi vya pale katikati pedali zinapozungukia, maana vya zamani vilikuwa vinalia. Sasa gurudumu linacheza ndani ya fremu, breki haishiki, kikombe cha kushoto kimezunguka mara tatu kikagoma, na cha kulia hakitaki hata kuanza. Mwenye duka hataki kurudisha hela. Vifaa vya fremu hii nitavipata wapi?
*Mpanda Milima, Moshi*

Marahaba mwanangu. Kabla hujasoma mstari mwingine, nenda kakitoe hicho kikombe cha kushoto. Kitoe taratibu, kwa kukigeuza kinyume na kilivyoingia, usikiongeze hata robo mzunguko kwa kudhani "kitakaa tu". Kikiendelea kitakula thredi za fremu, ile mikato ya ndani inayokishika, na fremu ikishaliwa thredi hapo hakuna duka la kukuokoa, Moshi wala Dar.

Mkono wako hauna kosa, na muuzaji hakukupa kitu kibovu. Amekupa kitu cha Mwingereza ukakipeleka kwa Mfaransa. Tundu la katikati la Peugeot za zamani lina kipenyo cha milimita 35, na kutoka thredi hadi thredi ni milimita moja kamili. Vikombe vinavyouzwa kwetu vinafuata kipimo cha Kiingereza, ambacho Wajapani na wengine wengi wa Asia walikichukua: inchi 1.37, yaani milimita 34.8, na thredi 24 kwa inchi, ambayo ni kama milimita 1.06 kila moja. Hesabu mwenyewe. Kipenyo kinapishana kwa milimita 0.2 tu, ndiyo maana kikombe kinakubali kuanza na kukupa moyo. Mzunguko wa kwanza sawa, wa pili sawa, halafu thredi zinaanza kuachana na chuma kinaanza kuchana chuma.

Upande wa kulia ndio ulionipa jibu kamili. Kikombe cha kulia cha Kiingereza hukazwa kwa kugeuza kinyume, kushoto. Cha Mfaransa hukazwa kulia, pande zote mbili. Kwa kuwa chako hakikuanza kabisa, basi fremu yako ni ya Kifaransa kwelikweli. Kama kingeanza kidogo ndipo kikwame, ningesema ni ya kipimo cha Uswisi, ambacho ni milimita 35 vilevile ila kulia kinafungwa kinyume. Peugeot waliwahi kutumia hicho pia, na za baadaye wakahamia kwa Mwingereza. Kwa hiyo anayekwambia "nina kikombe cha Peugeot" hajakwambia kitu. Mwulize milimita ngapi, na kinageuka wapi.

Sasa swali langu kwako: vile vikombe vya zamani umevitupa? Natumaini viko kwenye kopo mahali. Kikombe kutoa mlio hakumaanishi kimekufa. Mara nyingi kinacholia ni gololi zilizoisha au grisi iliyogeuka gundi. Vioshe kwa mafuta ya taa mpaka ving'ae, vikaushe, kisha chukua kalamu ya wino ya kawaida na uipitishe polepole pale gololi zinapotembea. Ncha ya kalamu ni gololi ndogo, nayo inahisi kishimo ambacho jicho halikioni. Ikiteleza mwanzo hadi mwisho bila kuruka, kikombe ni kizima. Fanya hivyohivyo kwenye ekseli. Kisha nunua gololi za robo inchi, 11 kila upande ukiziweka huru bila ule mkufu wake, weka grisi ya kutosha, umemaliza. Ila badilisha gololi zote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya zinabeba mzigo wote na nyingine zinakwenda matembezi.

Vikombe vikiwa na mashimo kweli, usiulize vipya madukani, utachoka bure. Nenda wanakofungua makontena ya baiskeli za mtumba, na usitazame baiskeli nzuri zilizopangwa mbele. Omba uonyeshwe zilizovunjika. Fremu iliyogongwa na gari ikapinda mbele, vikombe vyake bado ni vizima, na mwenye mali anaiuza kwa kilo. Tafuta Peugeot, Motobécane, Gitane, hao wote ni Wafaransa. Angalia pedali zake: pedali za Kifaransa mara nyingi zimegongwa herufi D kwa ya kulia na G kwa ya kushoto. Ukiziona, inama upime tundu la katikati. Ukiziona kwenye pedali peke yake usishangilie bado, pedali huhama. Dar, pale Gerezani, wapo wanaonunua vyuma chakavu, na kati ya vyuma hivyo fremu hazikosekani. Nenda asubuhi kabla hazijakatwa, na nenda na kikombe chako cha zamani mfukoni, usiende na jina la kampuni mdomoni.

Wapo watakaokushauri upeleke kwa fundi wa kukereza chuma akutengenezee kikombe kipya. Anaweza, na thredi atazipata. Tatizo ni chuma chenyewe. Kikombe cha kiwandani kimepikwa kwa moto kikawa kigumu pale gololi zinapotembea. Kilichokerezwa kwa chuma laini, gololi zitakichimba kabla mahindi hayajakomaa. Hiyo iwe njia ya mwisho kabisa.

Tuje kwenye gurudumu. Hilo la Phoenix liuze, wanunuzi hawakosekani. Ringi ya Phoenix imetengenezwa kwa breki za vyuma, zile ambazo raba zinavutwa kutoka ndani na kugusa ringi upande wa spoku. Ubavu wake ni wa mviringo. Breki yako ya Peugeot inabana ringi kutoka pembeni, inataka ubavu bapa. Hata ungeishusha na kuipandisha namna gani, haina cha kushika. Tena ringi hiyo ni ya kipimo cha milimita 635 pale tairi linapokaa, wakati Peugeot yako itakuwa ni 622 au 630. Soma ubavuni mwa tairi la zamani: likiandikwa 700C ni 622, likiandikwa 27 ni 630. Hizo mbili zenyewe zinapishana milimita 8 za kipenyo, yaani 4 pale breki inapogusa, na tairi la moja haliingii kwenye ringi ya nyingine.

Na kucheza ndani ya fremu ni kwa sababu habu ya Phoenix, ile sehemu ya katikati ya gurudumu ekseli inapopita, ni nyembamba, milimita 110 au karibu na hapo. Fremu ya gia kumi, yaani tano nyuma na mbili mbele, ina nafasi ya milimita 120. Zipo za 126 zilizokuja na sita nyuma.

Dawa unayo nyumbani: gurudumu lako la zamani. Ng'oa lile rundo la meno matano, mahali pake funga friwili moja, yaani jino moja linalokuacha upumzishe miguu gurudumu likizunguka. Ukimpata mwenye kifaa cha kuling'olea, vizuri. Usipompata, kuna njia ya kikatili ambayo nimeifanya mara nyingi. Usoni mwa rundo kuna bamba la duara lenye vishimo viwili. Tia patasi butu kwenye kishimo, gonga kuelekea mshale wa saa unakoelekea, maana bamba hilo hufunguka kinyume na nati za kawaida. Tandika gazeti chini, gololi ndogo zitamwagika kila upande na watoto wa jirani watazigombania. Meno yote yatatoka yakiwa yameshikana, kitabaki kiini. Toa vile vikucha viwili na springi zake, bana kiini kwenye jiliwa gurudumu likiwa juu, kisha shika ringi kwa mikono miwili uzungushe kushoto. Kitalia mlio mmoja mkali, kitaachia.

Hapa tena Mfaransa anaweza kukuwekea mtego. Habu nyingine za zamani zina thredi za milimita 34.7 kwa moja badala ya za Kiingereza. Friwili mpya ifunge kwa vidole tu, spana usiiguse. Ikizunguka hadi mwisho bila kucheza na bila kukaza, ni yako. Ikicheza mwanzoni kisha ikakwama katikati, itoe, na hapo utatafuta habu ya Kijapani yenye matundu 36 kwenye gurudumu lililopinda, ufungiwe na ringi yako.

Ikikubali, hamisha washa nene iliyokuwa upande wa kulia wa ekseli uipeleke kushoto, ili friwili isogee karibu na fremu. Fundi avute spoku za kushoto na kulegeza za kulia mpaka ringi ikae katikati. Mbele ondoa sahani kubwa ya meno ubaki na ndogo, ambayo kwa kawaida ndiyo inayolingana na friwili. Hakikisha kwa kamba: ivute kutoka meno ya mbele hadi ya nyuma, itazame kwa juu, isipinde. Mnyororo wa Phoenix uliokwisha kuununua ubaki nao, ni mpana, upana wa ndani ni inchi 1/8, unapita kwenye meno membamba ya Peugeot na kwenye friwili pia. Ule mwembamba wa gia usingeingia kwenye friwili. Kipini cha kufungia mnyororo, ule upande wake uliozibwa utangulie mbele mnyororo unapopita juu. Ukiugeuza, siku moja utauokota barabarani.

Mnyororo utaukaza kwa kuvuta gurudumu nyuma, kwa sababu fremu za aina yako zina mdomo mrefu pale ekseli inapokaa. Zungusha pedali polepole utafute mahali unapokaza zaidi, kwani sahani ya meno si duara kamili, na hapohapo uache ucheze kama sentimita moja juu na chini.

Meno mangapi? Wewe wa Moshi inategemea unakwenda wapi. Ukiwa na 42 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 4.9. Ukizungusha mara 70 kwa dakika unakwenda kilomita 20 na kidogo kwa saa. Kwa anayeshuka kwenda kazini TPC kwenye miwa na kurudi, hiyo inatosha. Kama kwenu ni Kibosho na jioni unarudi nyumbani ukipanda, weka 22 nyuma, upate mita 4, na usimsikilize kijana yeyote atakayekucheka.

Na ukibadilisha pedali siku za usoni, ukumbuke nazo ni milimita 14 za Kifaransa. Za dukani ni inchi 9/16, zitajidai kuingia.

Fundi, habari za Tanga? Nina baiskeli ya mtumba kutoka Japani, tairi za 26, fremu sumaku haiishiki. Nimetoa meno ya nyuma nikabakiza moja, lakini linatembea huku na huku. Mnyororo ukilegea hakuna pa kuvutia gurudumu, ekseli inaingia kutokea chini tu. Welda amejitolea kuikata ile sehemu na kuirefusha. Rafiki naye anataka kuniuzia habu ya Kijerumani ya breki ya kukanyaga kinyume. Nichague lipi?
*Miguu Miwili, Dodoma*

Tanga njema, embe zimeanza. Usichague hata moja.

Sumaku kutoshika maana yake ni alumini. Fremu ya alumini baada ya kuchomelewa kiwandani huwa inapikwa upya ili irudishe nguvu. Welda wako akiigusa kwa moto pale ekseli inapokaa, analainisha mahali ambapo uzito wako wote unakaa, na yeye hatakuwepo siku itakapokatika. Mshukuru umwambie baadaye.

Jino kutembea ni jambo dogo. Kati ya yale meno uliyotoa kulikuwa na bangili za plastiki za kuyatenganisha. Zirudishe, nyingine ndani, nyingine nje ya jino lako, mpaka ule mfuniko wa mwisho ukiukaza vinabanana. Zisipotosha, kipande cha bomba la maji la plastiki kinachoenea pale, kikikatwa sawasawa, kinafanya kazi ileile. Uzuri wa mpango huu ni kwamba jino unaliweka popote unapotaka, kwa hiyo lisogeze mpaka lilingane na meno ya mbele.

Mnyororo unaolegea, dawa yake ni ile mashine ya gia uliyoing'oa. Irudishe. Haitabadilisha gia tena, itakuwa ya kukaza mnyororo tu, ina springi na vigurudumu viwili vya kazi hiyohiyo. Ukiifunga bila waya itakimbilia nje, upande wa jino dogo kabisa. Ina skrubu mbili ndogo zenye herufi H na L. Kaza H uisukume ndani mpaka kigurudumu cha juu kikae sawasawa chini ya jino lako. Skrubu isipofika, tia kipande kifupi cha waya wa breki pale waya wa gia ulipokuwa unafungwa, kivute, kikaze, kata kinachoning'inia. Hugharamiki hata shilingi.

Habu ya breki ya miguu ni nzuri sana, nimeipenda tangu utotoni, lakini si kwa fremu hii. Ukikanyaga kinyume, mnyororo wa chini ndio unaovuta. Ile mashine yenye springi imekaa chini hapohapo, itavutwa mbele na kukunjika, na breki hutaipata. Habu hiyo inataka fremu yenye mdomo mrefu, mnyororo uliokazwa kwa gurudumu lenyewe, na ule mkono wake wa chuma ufungwe imara kwenye fremu. Kama rafiki yako anaiuza bei nzuri, inunue uniletee mimi.

Mambo Fundi! Mimi wa Soni. Nimeona vijana wa Ulaya wanaendesha baiskeli za gia moja ambazo pedali hazipumziki, ukisimamisha miguu gurudumu linasimama, na hawana breki. Nataka friwili yangu ichomelewe iwe hivyo. Breki nitatoa baiskeli iwe nyepesi. Unasemaje?
*Bila Breki*

Poa, na shikamoo yangu iko wapi?

Nasema hapana. Friwili imefungwa kwenye habu kwa thredi ya kulia. Ukikanyaga mbele inajikaza, ukizuia kwa nyuma inajifungua. Habu halisi za baiskeli hizo za mashindano zina pete ya pili inayofungwa kinyume ili kuzuia jambo hilo. Yako haina. Siku utakapoibana kwa nguvu zako zote ndiyo siku itakapojifungua, na wewe wa Soni unajua nguvu zote zinahitajika wapi: ukishuka Mombo, mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, na lori la mbao mbele yako likinuka breki. Baiskeli zile zilizaliwa kwenye viwanja vya duara, watu wote wanakwenda upande mmoja na hakuna mbuzi.

Gia moja weka, karibu. Breki mbili, mbele na nyuma, na raba ubadilishe kabla ya masika. Mwenye kukuchomelea friwili hiyo asitaje jina langu.

Asalaam aleikum Fundi. Nina baiskeli ya marehemu babu, ya kupigia mbio za mjini tu. Nataka kubadilisha krenki, ile mikono ya chuma inayoshika pedali, ili niweke gia moja lakini kotapini hazitoki. Nimegonga siku nzima, nati imeharibika na pini imepinda kichwa. Huku kwetu chumvi inakula kila kitu.
*Bi Mdogo, Wete*

Waaleikum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Chumvi naijua, mimi na yeye tunaishi nyumba moja hapa Ngamiani.

Kilichokuumiza ni kugonga siku nzima. Kotapini ni kabari: upande mmoja imekatwa bapa, imebanwa kati ya krenki na ekseli. Vipigo vidogo vidogo vinaitanua kichwa na kuikaza zaidi, na kila kipigo nguvu yake inapotelea kwenye gololi. Inatakiwa kipigo kimoja cha maana, na krenki iwe imekalia kitu kigumu.

Kwanza loweka. Changanya mafuta ya taa na oili nyepesi, dondoshea juu na chini ya pini, uiache usiku kucha, asubuhi udondoshee tena. Tafuta kipande cha bomba la chuma ambacho tundu lake ni kubwa kuliko pini, ukikate urefu wa kutoka sakafuni hadi chini ya krenki. Krenki ikae juu ya bomba hilo, pini ikiwa imelenga ndani ya tundu, baiskeli imesimama kwa magurudumu yake na mtu ameishika. Hapo uzito wa nyundo hauendi kwenye gololi, unaingia sakafuni. Kama thredi zingekuwa nzima ningekuambia uache nati juu yake ikilingana na ncha ya pini, ili izilinde. Zako zimeshakwenda, kwa hiyo kata kichwa kilichopinda kwa msumeno kiwe bapa. Weka juu yake kipande kinene cha shaba au chuma, chukua nyundo nzito, ile ya waashi, uipige mara moja kwa nia ya kuitoa.

Ikigoma, pasha moto krenki, siyo pini, kwa tochi ya gesi ya fundi bomba. Krenki inatanuka, kutu inapasuka. Piga ikiwa bado moto. Ikigoma tena, fundi aitoboe kwa keekee katikati, kiini kikiisha itabaki ganda na litaanguka. Ujiandae kwa hilo, pini haina thamani, krenki na ekseli ndizo mali.

Kununua mpya, nenda na ile iliyotoka hata kama imebaki nusu. Za Kiingereza na nyingi za Asia zina unene wa milimita 9.5, za Kifaransa 9. Nusu milimita hiyo ukiipuuza, ukanyagaji wako utakuwa na "tik" kila mzunguko, na krenki itajichimba. Ukizifunga mpya, ule ubapa wa moja na wa nyingine vielekee kinyume, la sivyo pedali moja itatangulia na utaendesha ukichechemea. Zipake grisi kabla hazijaingia. Watu wa pwani tusione haya kutumia grisi.

Fundi, nina Raleigh ya mzee, ya Nottingham yenyewe, ina gia tatu ndani ya habu ya nyuma. Waya umekatika na sasa imebaki nzito mno, naendesha nikitoka jasho. Nataka nitoe habu hiyo niweke ya gia moja. Vikombe vya katikati vya Phoenix vitaingia nikivibadilisha wakati huohuo?
*Mwana wa Tabora*

Vikombe kwanza: pima kabla ya kununua. Raleigh za Nottingham wenyewe walitumia thredi 26 kwa inchi wakati dunia nzima ya Kiingereza ilikuwa kwenye 24. Cha thredi 24 hakiingii. Kama vyako ni vizima viache, ni chuma kizuri kuliko chochote utakachouziwa leo.

Na hiyo habu usiitoe! Ni Sturmey-Archer, na haijaharibika. Imebaki nzito kwa sababu waya ukikatika inakimbilia gia ya tatu, ambayo ni nzito kuliko ya kati kwa theluthi moja. Unataka gia moja? Unayo humo ndani tayari, ya kati, ile ambayo friwili inaendesha gurudumu moja kwa moja bila kupitia meno ya ndani. Kazi yako ni kuifunga pale tu.

Upande wa kulia wa ekseli kuna kimnyororo chembamba kinachotoka katikati. Kwenye ile nati ndefu kuna kidirisha cha duara. Vuta kimnyororo taratibu huku ukichungulia: shina lake likiwa sawasawa na mwisho wa ekseli, hapo ni gia ya kati. Kifunge hapohapo kwa kipande cha waya wa gia hadi kwenye fremu, chenye kile kirekebishio chake, uweze kukaza na kulegeza kidogo. Usikadirie. Kati ya gia ya kati na ya tatu kuna mahali pedali zinazunguka hewani hazishiki kitu, na ukisimama juu ya pedali ikateleza hapo, utaangukia bomba la fremu, na hilo sitaki kulieleza zaidi kwenye gazeti linalosomwa na watoto.

Tia oili nyepesi kwenye kile kitundu chenye kifuniko juu ya habu, siyo grisi. Kisha futa uchafu kwenye ganda lake. Utakuta maandishi ya Sturmey-Archer na namba zimegongwa, kati yake ni za mwaka ilipotengenezwa. Niandikie umeona ngapi.